Karatasi ya rufaa haimfikishi mtu dirishani

Mtu anayetumia heroini ana saa moja hivi asubuhi ambayo mnaweza kuzungumza mkaelewana. Kabla ya hapo yuko kwenye arosto: pua inachuruzika, macho yanatoa machozi bila kulia, tumbo linamkata, mifupa inamuuma, na hakuna anachowaza zaidi ya kete ya kwanza. Akishaipata anasinzia kwa muda, kidevu kimegusa kifua, na ukimsemesha hakusikii. Kisha anazinduka, anajinyoosha, anaomba maji ya kunywa, anakuuliza wanao hawajambo. Hiyo ndiyo nafasi yako. Ukichelewa utakuta keshaondoka kwenda kupiga debe stendi au kuokota vyuma chakavu, kwa sababu unga haudumu mwilini. Zikipita saa nne, tano, ikizidi sana sita, arosto imerudi, na hela ya kete ya pili lazima iwe imepatikana.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Dar es Salaam. Kwa miaka mingi eneo langu limekuwa maskani, yaani vijiwe vya watumiaji wa unga, za Kinondoni na Ubungo: Mwananyamala, Tandale, Manzese, kuteremkia Kigogo na kandokando ya Mto Msimbazi. Maskani inaweza kuwa pagale, uchochoro nyuma ya gereji, chini ya daraja, au kibanda cha maboksi ambacho mvua ya kwanza ya masika hukizoa. Wenyeji wa mitaa hiyo huwaita watu wangu mateja. Mimi nawaita kaka na dada, wao huniita anti, na mambo yanakwenda.

Swali ninaloulizwa kuliko yote, misibani, kwenye vikoba, hata na mashemeji zangu, ni hili: "Sasa ukifika kule unawaambia nini?" Wanaouliza wanadhani kazi yangu ni kuhubiri. Sijawahi kukutana na mtu maskani ambaye hajui kwamba unga unaua. Amezika wenzake. Ameuza simu, ameuza godoro, ameng'oa mabati ya choo cha mama yake; hahitaji mimi nimfafanulie hasara. Anachokosa ni namna ya kutoka pale alipo mpaka kwenye dirisha la hospitali. Ni kilomita mbili tatu tu, safari ya daladala moja. Nimeona watu wengi wakiishia katikati ya umbali huo, wengine wakiwa na karatasi ya rufaa mfukoni, imekunjwa vizuri.

Habari ya karatasi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Maskani haiingiwi hovyo. Tunaanza na ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti na mtendaji wajue tupo na tunafanya nini. Tunapita kituo cha polisi vilevile, maana mtu akikamatwa na sindano mbele yako na hakuna aliyepewa taarifa, mtapandishwa difenda wote. Halafu unamhitaji mwenyeji. Wangu ni kaka aliyejidunga miaka mingi kwenye pagale lilelile tunalokwenda. Leo anakunywa methadoni, dawa ya hospitali inayozuia arosto, ana mke, anauza vocha na soda. Yeye ndiye anayetangulia na kutoa salamu. Akisema leo hapana, turudi kesho, tunageuza bila kuuliza. Anajua nani kapigwa usiku, nani katoka mahabusu, nani hataki kuonwa na mgeni. Navaa viatu vya kufunika mguu kwa sababu chini kuna sindano. Mkobani nina maji, sabuni, kondomu, chachi na maji ya chumvi ya kuoshea vidonda, kisanduku cha njano cha kutupia sindano, na vikopo vya makohozi. Daftari linakaa ndani ya mkoba mpaka tumeshakaa chini.

Mara nyingi kidonda ndicho kinachofungua mazungumzo. Mtu akishamaliza mishipa ya mikono anahamia miguuni, kwenye kinena, hata shingoni, na sindano ikikosea mshipa panatunga usaha. Ukiinama ukamwosha mtu jipu lililopasuka, taratibu, bila kukunja uso, atakueleza mambo ambayo ndugu zake hawajawahi kuyasikia. Hapo ndipo utaambiwa kwamba kuna mwenzao amelala chumba cha ndani tangu juzi, hali chakula, au kwamba yeye mwenyewe alipimwa akakutwa na VVU na hajarudi kliniki tangu siku ile.

Kifua kikuu kinataka nieleze kwa kirefu, kwa sababu ni jambo ambalo wahudumu wapya hawaambiwi. Tunapofundishwa kutafuta wagonjwa tunapewa maswali machache ambayo kila mhudumu nchini anayajua. Una kikohozi? Unapata homa? Unatoka jasho jingi usiku? Umepungua uzito? Ukimuuliza mama wa nyumbani kule Sinza, majibu yake yatakuonyesha njia. Maskani yatakupoteza. Heroini hutuliza kikohozi. Ni ya ukoo mmoja na kodeini inayotiwa kwenye baadhi ya dawa za kikohozi. Kwa hiyo mtu aliyepata kete yake asubuhi anakuambia hakohoi, na kweli hakohoi. Jasho la usiku? Arosto humlowesha kila siku. Homa na baridi? Arosto. Uzito? Wiki nzima hajala ugali ukamshibisha. Kila dalili ina maelezo yake ya karibu, na mgonjwa mwenyewe ameshazoea kuyatoa. Mapafu yanaharibika huku kila mtu, pamoja na yeye, anasema ni unga tu huo.

Ndiyo maana maskani sisubiri majibu ya maswali. Namwomba kila aliyepo anipe makohozi, anayekohoa na asiyekohoa. Fikiria pagale lenye watu kumi na zaidi wanaovuta kokteli, sigara ya bangi iliyochanganywa na unga, wakipokezana, madirisha yamezibwa kwa turubai ili moshi na mwanga visionekane nje. Mmoja akiwa na vimelea, hakuna aliyemo humo ambaye hajavivuta.

Na kutoa makohozi si jambo la kumkabidhi mtu kikopo ukaondoka. Kuna kaka mmoja wa Tandale, mwembamba, shati lake limefungwa vifungo mpaka shingoni ingawa jua lilishapanda. Aliniambia hana kifua, hajakohoa mwezi mzima. Nikamwomba atoke nje, tukasimama mahali penye upepo, mimi nikiwa upande unakotokea. Jina nikaliandika ubavuni mwa kikopo, si kwenye kifuniko, kwa kuwa maabara vifuniko huchanganyika. Akasukutua mdomo. Mara ya kwanza akatema mate, mapovu meupe matupu. Nikamwambia tupumzike. Kisha tukaanza tena: vuta pumzi, ishikilie, itoe polepole, vuta tena, ishikilie, ya tatu kohoa kutoka chini kabisa. Akajishikiza ukutani kwa mkono mmoja, mgongo ukamtetemeka chini ya shati, na kikatoka kitu kizito cha manjano chenye uzi mwekundu ndani yake. Alikitazama. Akafunga kifuniko mwenyewe, akakikaza, akafuta kikopo kwa pindo la shati, ndipo akanipa. "Anti, nisamehe kwa uchafu huu," akasema. Nikamwambia hakuna uchafu hapo, ndicho kilichonileta.

Kikopo kama hicho hufika maabara siku hiyohiyo. Mashine ya GeneXpert huchukua kama saa mbili kusema kama vimelea vipo na kama vimeshakuwa sugu kwa dawa ya rifampisini. Na huwa nawasimulia watu wa maskani habari za panya buku wa Morogoro, maana huifurahia sana. Shirika la Apopo, lenye makao yake Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, huwafundisha panya hao kunusa makohozi, na wamewagundua wagonjwa wengi ambao darubini iliwapita. Panya mmoja hunusa sampuli 100 kwa dakika 20 hivi. Sampuli za vituo vingi vya Dar es Salaam zimepita puani mwao. Kuna mzee mmoja pale Manzese ambaye alikataa kikopo changu kila nilipokwenda, lakini aliposikia habari za panya akakiomba mwenyewe.

Majibu ya yule kaka yalikuwa kama nilivyohofia. Hapo utaratibu ulioandikwa ni mwepesi: mhudumu anajaza fomu ya rufaa, anampa mgonjwa nakala, mgonjwa anakwenda kituoni kuanza dawa. Kwenye ripoti ya mwezi mimi naandika "amepewa rufaa", na safu inajaa. Kwa mtu mwenye nyumba, viatu na simu, inatosha. Tazama jinsi karatasi hiyohiyo ilivyosafiri na huyu.

Tulikutana saa kumi na mbili na nusu, akiwa amekwisha pata kete yake. Nilihesabu kwamba mpaka saa nne atakuwa salama. Tukapanda daladala, konda akamtaka nauli kabla hajakaa, wengine wote wakiwa bado hawajadaiwa. Getini mlinzi akatusimamisha. "Huyu anakwenda wapi?" Aliniuliza mimi, na kaka yuko hatua moja pembeni yangu. Nikajibu kwamba ni mgonjwa, ana miadi kliniki ya kifua kikuu, akatupisha. Nina hakika angekuwa peke yake angegeuza pale pale, bila ugomvi, akaenda zake. Ndani tukapanga foleni. Dada aliyekaa jirani yake kwenye benchi akahamisha pochi kutoka paja la kulia kwenda la kushoto. Alimwona. Akavuta miguu chini ya benchi, akawa anatazama ndala zake.

Dirishani wakauliza jina, umri, unaishi wapi, namba ya simu, ndugu wa karibu. Kila swali akageuka kunitazama. Mtu anayelala pagale ataje nyumba namba ngapi? Simu yake iliuzwa zamani. Ndugu yupo, ila walishakanyana kufika. Tulikuwa tumelizungumza mapema na mama ntilie anayepika jirani na maskani, akakubali namba yake iandikwe, na ndiyo tuliyoitaja.

Saa tatu ikapita, akaanza kupiga miayo. Anayeijua arosto anajua kwamba huanza na miayo, halafu vipele vya baridi mikononi, halafu pua. Nikampa maji na biskuti, nikaenda kugonga mlango wa kliniki. Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima, alikuwa na watu kumi mbele yake. Akatoka, akamwita kwa majina yake yote matatu, akasema, "Karibu baba, pole kwa kungoja, njoo ukae huku." Sijui kama alijua amefanya nini. Kule maskani hakuna mtu aliyekuwa akilijua hata jina lake la pili. Kabla ya saa nne alikuwa amemeza vidonge vyake vya kwanza amesimama, ameambiwa mkojo utakuwa na rangi ya chungwa asiogope, ameambiwa ni miezi sita. Saa nne na nusu tulikuwa tumeshatoka getini.

Tangu mwaka 2006 Tanzania ina utaratibu unaompa mgonjwa wa kifua kikuu hiari ya kumezea dawa nyumbani, chini ya uangalizi wa mtu anayemchagua mwenyewe. Karibu kila mtu humchagua mke, mume au mzazi. Yeye alimchagua yuleyule mama ntilie. Pakiti ilikaa kwenye kopo la Blue Band juu ya rafu ya vikombe, na kila asubuhi kabla ya lolote alikwenda pale, akapewa kidonge, akapewa na uji. Siku moja nilipojaribu kumlipa yule mama hela ya uji wa wiki akaikataa, akaniambia mgonjwa haulizwi uji. Ana watoto watano na mtaji wa sufuria tatu. Katika miongozo yote niliyosoma sijaona mahali wanapoandika jinsi ya kumpata mtu wa namna hiyo, na bila yeye pakiti ile ingepotea ndani ya siku mbili.

Kifua kikuu kilipoanza kutulia tukaanza kuzungumzia methadoni. Huduma hiyo ilianza Hospitali ya Taifa Muhimbili Februari 2011, ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke. Sasa ipo pia mikoani: Mwanza, Mbeya, Itega Dodoma, Tanga na kwingineko, na Zanzibar iko Kidongo Chekundu. Ni dawa ya maji. Unaipokea dirishani, unainywa mbele ya mfamasia, unasema neno moja au mawili aone umemeza, basi, mpaka kesho. Hailevyi ikipimwa vizuri, na hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, ndiyo maana mtu anaweza kwenda kazini, akalala usiku, akaamka bila kutetemeka. Hailipiwi. Nimesikia wachungaji na masheikh wakisema ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Wakija siku moja kukaa kwenye benchi la Mwananyamala saa moja asubuhi wataona wanaume waliovaa sare za ulinzi, mafundi wenye mikoba ya vifaa, baba anayempeleka mtoto shule na kupitia pale njiani. Mimi hubaki bila hamu ya kubishana.

Ila mwanzo wake ni mgumu. Dozi huanzia chini na kupandishwa kidogokidogo, kwa usalama, kwa hiyo siku za kwanza mtu bado ana arosto ingawa "yuko kwenye dawa". Wengi hukimbilia kete hapo, na anayechanganya vitu hivyo viwili anaweza kuacha kupumua. Siku hizo ndizo za kumtembelea asubuhi na jioni. Ukimwona wiki ya pili akiwa bado anakuja, unaanza kupumua wewe.

Na kwa mwenye kifua kikuu kuna jambo jingine ambalo limeua matumaini ya watu wengi bila wao kujua kisa. Rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, huliamsha ini liisafishe methadoni haraka kuliko kawaida. Dozi iliyokuwa ikimtosha wiki iliyopita haimtoshi leo. Anaamka na miayo, vipele, tumbo. Anadhani wamempunguzia dawa kwa makusudi, au dawa zile mbili zinagombana na zitamuua. Anaacha moja. Akiacha ya kifua kikuu, anaelekea kwenye usugu. Akiacha methadoni, anarudi kwenye unga. Dawa ya tatizo lenyewe ni rahisi: daktari wa methadoni akijua, anaongeza dozi, na matibabu ya kifua kikuu yakiisha, anaishusha polepole. Lakini lazima ajue. Kliniki mbili zinaweza kuwa jengo moja na zisizungumze. Baadhi ya dawa za VVU zilizotumika kwa miaka mingi, kama nevirapini na efavirenzi, zina tabia hiyohiyo, kwa hiyo mwenye magonjwa yote mawili anavutwa pande mbili. Anayefahamu kwamba kaka huyu ana kadi tatu za rangi tatu ni aliyetembea naye kwenye madirisha yote matatu.

Upande wa wanawake nauandika kwa uchungu zaidi. Katika uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam miaka ya 2000 kwa watu wanaojidunga, wanne hivi katika kila kumi walikutwa na VVU, na kwa wanawake hali ilikuwa mbaya kuliko kwa wanaume. Ndiyo miaka ambayo unga mweupe unaoyeyuka kwenye maji ulikuwa umeenea na sindano nazo. Mwaka 2005 watafiti waliripoti jambo walilolikuta miongoni mwa wanawake wa jiji hili: mmoja aliyepata kete alijidunga, akavuta damu yake ikajaa bomba, akampa mwenzake aliyekosa ajidunge damu ile, akiamini imebaki na unga wa kumtuliza arosto. Alifanya hivyo kwa huruma. Nimewafahamu wanawake wa rika lile wachache waliobaki, na ninaposikia watu wakisema hawana utu, jambo hilo ndilo linalonijia.

Mwanamke maskani hulipia kete yake usiku na hulala mchana. Dirisha la methadoni hufungwa kabla hajaamka. Akienda na mtoto mgongoni anaogopa ustawi wa jamii. Akienda na ujauzito anaogopa wauguzi, na wengine huambiwa na wenzao waache unga ghafla ili mtoto awe salama, jambo linaloweza kuitoa mimba. Methadoni ndiyo inayoshauriwa kwa mjamzito. Dada mmoja wa Kinondoni nilimfuata nyumbani kwa rafiki yake wiki nyingi kabla hajakubali kutoka. Tulikwenda mara ya kwanza bila kuingia, tukasimama ng'ambo ya barabara, akaangalia wanaoingia na wanaotoka, tukarudi. Mara ya pili tuliingia hadi benchi. Ya tatu akaandikishwa. Mtoto wake alizaliwa bila VVU. Safari zile mbili za kwanza hazikuwa na safu ya kuandikwa kwenye fomu yoyote.

Hapo ndipo nina ugomvi na namna kazi hii inavyohesabiwa. Fomu zetu huuliza wangapi wamefikiwa, wangapi wamepimwa, wangapi wamepewa rufaa. Mhudumu anayekaa na mtu mmoja asubuhi nzima kwenye benchi, mbele ya fomu hizo, amefanya kazi ndogo kuliko aliyegawa vipeperushi mia stendi. Nauli ya mgonjwa wakati mwingine imo kwenye bajeti. Ya anayemsindikiza mara nyingi haimo. Nimefanya kazi na wenzangu waliokuwa wakitoa nauli hiyo kwenye posho yao, posho ambayo yenyewe ilikuwa ya kununulia unga wa ugali.

Kisha ikaja Januari 2025. Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na pamoja nayo shughuli nyingi zilizokuwa zikilipiwa na mfuko wa PEPFAR, ulioanza mwaka 2003 na ambao umebeba sehemu kubwa ya kazi ya UKIMWI nchini kwetu. Barua ya kusitisha kazi ilitufikia kwa WhatsApp. Baadaye baadhi ya huduma ziliruhusiwa kuendelea, hasa matibabu. Dawa za kinga dhidi ya VVU zikaruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha peke yao. Watu wa maskani hawakuwemo. Madirisha yalibaki wazi. Waliosimamishwa ni wale wanaowaleta watu madirishani. Nilikwenda maskani wiki ile kwa nauli yangu, bila vikopo, na kitu cha kwanza nilichoulizwa ni kama yule kaka mwenyeji wangu ameachishwa naye. Alikuwa ameachishwa.

Huwa kuna kitu kama hicho pia msako wa polisi unapofanyika. Maskani ikivunjwa alfajiri, watu hutawanyika mitaa ya mbali, na kati yao kuna walio mwezi wa pili wa dawa za kifua kikuu, vidonge vimebaki kwa mama ntilie. Sipingi wauzaji wa unga kukamatwa. Nimezika watoto wa majirani kwa sababu yao. Naomba tu tupigiwe simu siku ileile, tujue tuwatafute wapi.

Nchi hii inaijua kazi ya afya ya mtaani. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio, wakatoka wakachimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Januari 2024 serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga zaidi ya watu 137,000 katika miaka mitano, wanaopewa mafunzo ya miezi sita na kulipwa. Naufurahia kwa moyo wote, maana wengi wetu tumezeeka tukiitwa wa kujitolea. Lakini mhudumu huyo anapangiwa kaya, anagonga mlango. Watu ninaoandika habari zao hawana mlango. Naomba mafunzo yale yawe na siku kadhaa za maskani, pamoja na waliopona, na mtaa wenye maskani uwe na angalau mhudumu mmoja aliyetoka humo. Naomba fomu iongezwe safu moja inayouliza nani amemsindikiza na mpaka dirisha gani, na bajeti iwe na nauli ya watu wawili kwenda na kurudi.

Kama unayesoma una ndugu kwenye unga na amekuambia amechoka, mshike hapohapo. Mpigie simu mhudumu wa mtaa wenu au ulizia asasi inayofanya kazi na kliniki ya methadoni iliyo karibu, kwa kuwa wao ndio wanaomwandaa mtu kabla hajaandikishwa. Mtoke mapema, saa kumi na mbili na nusu muwe barabarani. Beba maji, kitu cha kutafuna, sweta hata kama kuna joto, na kitambulisho chochote alichonacho. Waambie wapokeaji tangu mwanzo kwamba ana arosto. Akianza miayo mkiwa bado foleni, nenda kagonge mlango, na ukae naye mpaka ameze.